Samaki Umemvua, Mabaki Yaende Wapi? Maswali ya Wavuvi wa Ndoana katika Hifadhi za Wanyamapori za Marekani

Wengi wetu tuliokulia kando ya Tanganyika, Kivu, Nyanza au pwani hatukuacha mshipi tulipohamia Marekani. Kila baridi inapokatika, simu huanza: leseni inapatikana wapi, samaki wapo wapi, chambo gani kinafaa. Swali la mabaki huja mwisho, mara nyingi baada ya mtu kukutana na askari wa wanyamapori. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa tena na tena.

## Mambo ya msingi

1. Hifadhi hizi ni zipi, na kwa nini sheria zake si sawa na za ziwa lolote lile?

Ni maeneo ya serikali kuu yanayosimamiwa na idara iitwayo U.S. Fish and Wildlife Service. Kwenye mabango utaona maneno *National Wildlife Refuge*. Ya kwanza ilikuwa Pelican Island, kisiwa kidogo cha Florida, ambacho Rais Theodore Roosevelt alikitenga tarehe 14 Machi 1903 ili kuwalinda mwari na ndege wengine waliokuwa wakiuawa kwa ajili ya manyoya. Leo zimepita 570.

Katika maeneo haya mnyama ndiye mwenye nyumba, nasi ni wageni. Sheria ya mwaka 1997 inautaja uvuvi kati ya shughuli sita zinazopewa kipaumbele, lakini kwa sharti kwamba usiharibu kazi ya hifadhi. Maji ya hifadhi huhesabiwa yamefungwa kwa uvuvi mpaka yatangazwe kufunguliwa. Kwa hiyo unabeba kanuni mbili kwa pamoja: leseni na kanuni za jimbo, na juu yake kanuni za hifadhi yenyewe. Hifadhi ikiwa kali kuliko jimbo, fuata hifadhi.

2. Samaki si plastiki. Anaoza mwenyewe. Kwa nini nisimwache kichakani?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, nami nalielewa. Mtoto aliyelelewa mwaloni hajawahi kuona matumbo ya samaki yakiitwa taka, kwa sababu mbwa, kunguru na korongo waliyamaliza kabla jua halijapanda.

Kwanza, sheria. Kanuni za hifadhi zinakataza kutupa taka za aina yoyote isipokuwa pale msimamizi alipopatenga. Matumbo, vichwa na mifupa yamo humo.

Pili, na hili ni zito zaidi, fikiria nani anakuja kula. Samaki anayekufa porini hufia popote, mmoja huku, mwingine kule. Mabaki ya wavuvi yanarundikana mahali pamoja, wikendi baada ya wikendi: karibu na gati, karibu na maegesho. Rakuni, mnyama mdogo wa porini anayependa kuiba chakula usiku, hujifunza haraka. Anazoea njia ile, anazaa karibu, na siku ambayo hakuna matumbo hageuki akarudi alikotoka. Anaanza kutafuta mayai ya bata na ya kasa kwenye majani yaleyale. Shakwe naye hula vifaranga vya wenzake. Kwa hiyo unaweza kuacha kichwa cha samaki kwa nia njema kabisa, ukawa umemlisha mwizi wa viota katika eneo lililotengwa kulinda viota hivyo.

3. Mbona salmoni wanakufa kwa maelfu mtoni na hakuna anayewazoa?

Ni kweli, na mto unawahitaji. Salmoni wa Pasifiki hurudi kutoka baharini, hutaga, hufa, na miili yao hulisha wadudu, dubu, tai, hata miti ya ukingoni. Kuna mahali ambapo kuzoa kila mzoga kungekuwa kuunyima mto chakula chake.

Lakini angalia mto Russian huko Alaska, unapoungana na mto Kenai. Upande mmoja ni hifadhi ya Kenai, upande mwingine ni msitu wa taifa wa Chugach. Salmoni wekundu wanapopanda majira ya joto, wavuvi husimama bega kwa bega, na kila mmoja anataka kupasua samaki wake papo hapo. Zamani mifupa mizima iliyotolewa minofu ilitupwa kwenye maji ya kina kifupi. Ilinasa kwenye mawe kando ya watu, na dubu wa kahawia wakaja kuifuata. Dubu aliyezoea kula miguuni pa watu huishia vibaya: ama amdhuru mtu, ama apigwe risasi.

Ushauri uliotolewa huko ni huu. Bora uondoke na samaki mzima. Ikiwa lazima umpasue mtoni, katakata mabaki vipande vidogo kisha uvirushe kwenye mkondo wenye kina na kasi, vichukuliwe na kusambazwa. Vipande vidogo huliwa na shakwe na samaki wengine, na havimvuti dubu ukingoni. Usiache hata mkia juu ya mawe, na usiliache deli lako la barafu peke yake ukasogea kuvua mbali.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu mtu akisikia habari za Kenai huja kufanya hivyohivyo kwenye bwawa lililotulia huko Texas au Iowa. Bwawa halina mkondo. Utakachorusha leo kitaelea kesho palepale. Kukata na kurusha ni kwa mahali ambapo hifadhi yenyewe imesema ufanye hivyo.

## Matumbo, vichwa na mifupa

4. Nimpae na kumpasua wapi samaki wangu?

Nyumbani. Mtie kwenye deli lenye barafu ya kutosha, uende naye mzima. Barafu mfuko mmoja inakuondolea nusu ya maswali ya ukurasa huu.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Majimbo mengi yanataka samaki aweze kutambulika na kupimwa mpaka ufike mwisho wa safari, ili askari ajue ni aina gani na kama ametimiza urefu. Minnesota, kwa mfano, minofu inayosafirishwa lazima ibakiziwe kipande cha ngozi chenye magamba. Ukitoa minofu safi kando ya maji, unaweza kuwa na samaki halali na bado ushindwe kuthibitisha.

Baadhi ya hifadhi na mabandari ya jirani yana meza maalumu za kusafishia samaki, nyingine zikiwa na mashine ya kusaga mabaki. Ukiikuta, itumie, uioshe, na usiingize mshipi wala ndoana ndani ya mashine.

5. Nikishafika nyumbani, nayatupaje bila kunusisha mtaa mzima?

Yafunge kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko, uyaweke kwenye friza hadi asubuhi ya siku ya gari la taka. Ukiwa na bustani, unaweza kuyafukia angalau sentimita 30 chini, katikati ya mimea. Mahindi na nyanya hupenda. Ukifukia juujuu, rakuni wa mtaa wako atafukua usiku uleule. Kama unapanga nyumba, muulize mwenye nyumba kwanza. Kufukia ndani ya hifadhi hakuruhusiwi, hata ukichimba vizuri.

6. Kwetu kichwa na mapanki ni kitoweo. Lazima vitupwe?

Hapana, na natamani wengi zaidi wangeuliza hivi. Anayetoka Mwanza anajua kwamba sangara akitolewa minofu kiwandani, mapanki yanakaangwa na kulisha familia nyingi. Wakenya wanaita mgongo wazi. Kichwa cha kambare kwenye mchuzi wa nazi si taka kwa yeyote aliyewahi kukila. Samaki anayeliwa wote hana mabaki ya kukusumbua, isipokuwa kiganja cha mifupa.

Ila kuna jambo moja ambalo halikuwepo nyumbani kwa kiwango hiki. Mito na maziwa mengi ya Marekani yalipokea kemikali za viwandani, na kila jimbo hutoa mwongozo wa samaki gani wa maji gani waliwe mara ngapi. Kemikali ziitwazo PCB hukaa kwenye mafuta: ngozi, mafuta ya tumbo, mstari wa mafuta mgongoni, matumbo, na kichwa cha samaki mnono. Hizo sehemu ukiziondoa, na ukachoma samaki juu ya wavu ili mafuta yadondoke, unapunguza. Zebaki ni tofauti. Hiyo hukaa ndani ya nyama yenyewe, wala kisu na moto haviitoi. Dawa yake ni kula mara chache na kuchagua samaki wadogo. Mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo ndio wa kulindwa kwanza. Kabla hujapika supu ya vichwa, soma mwongozo wa maji uliyovua, ndipo uamue kama kichwa kinaenda sufuriani au kwenye mfuko wa swali la 5.

7. Mwari wanasimama wakiniangalia. Nikiwatupia mifupa, si sadaka?

Usifanye. Mwari humeza samaki mzima, mdogo, laini, kichwa kikitangulia. Mfupa wa samaki mkubwa uliotolewa minofu una ncha zilizo wazi, nao unaweza kumtoboa mfuko wa koo au utumbo. Atakufa mbali na macho yako, kwa hiyo hutajua kamwe. Na mwari aliyezoea kuomba huanza kurukia chambo kwenye ndoana.

Aligeta, aina ya mamba wa Marekani, ni vilevile. Florida kumlisha ni kosa, na wenye mamlaka wanawaomba wavuvi wasitupe mabaki majini penye gati la maboti, kwa kuwa mnyama hapambanui kati ya kulishwa kwa makusudi na kulishwa kwa uzembe. Anachojifunza ni kwamba mtu kando ya maji maana yake ni chakula. Baada yako atakuja mtoto kunawa miguu palepale.

8. Je, mzoga wa samaki unaweza kuambukiza?

Unaweza, kwa njia mbili zinazosahaulika.

Ya kwanza ni botulizimu ya ndege. Vijidudu vyake hulala kwenye tope bila kumdhuru mtu, lakini ndani ya mzoga usio na hewa hutengeneza sumu kali. Funza wanaokula mzoga hawafi, wanaibeba. Bata hula funza, hupooza shingo na kuzama, naye anakuwa mzoga mpya wenye funza wapya. Mwaka 1996, kwenye ziwa Salton huko California, penye hifadhi ya wanyamapori, mwari weupe zaidi ya 8,000 walikufa kwa ugonjwa huu baada ya kula perege wagonjwa, samaki ambao asili yao ni Afrika. Hilo halikusababishwa na wavuvi. Nalitaja ili uone kwa nini wafanyakazi wa hifadhi hukimbilia kuondoa mizoga, na kwa nini hawafurahi wewe unapowaongezea.

Ya pili ni ya samaki wenyewe. Trauti wana maradhi ya kuzunguka: kimelea kinashambulia gegedu la kichwa na mgongo wa samaki mchanga hadi anaogelea kwa kujizungusha. Mbegu za kimelea hubaki ndani ya kichwa na uti, hata samaki akifa. Ukivua mto huu na kutupa kichwa kwenye mto mwingine, umehamisha ugonjwa kwa mkono wako. Kwa hiyo mabaki hayavuki kutoka maji haya kwenda maji yale, hata kama pale unapoyatupa panaruhusiwa.

## Samaki usiyemtaka

9. Nimesikia wenyeji wakisema samaki fulani ni taka, wakimtupa ukingoni afe. Niige?

Usiige. Kuna samaki wa asili wa Marekani, kama gar, bowfin na buffalo, ambao kwa miaka mingi waliitwa samaki wasiofaa na kuachwa wakauke juu ya nyasi. Mmoja wao, bigmouth buffalo, alipimwa vizuri mwaka 2019 ikabainika anaweza kufika miaka 112. Baadaye katika hifadhi ya Rice Lake, Minnesota, karibu wote waliopimwa walionekana wamepita miaka 50, maana yake wazee wanataga na watoto hawafikii kukua. Yule uliyemwona akitweta ukingoni anaweza kuwa alizaliwa kabla ya bibi yako.

Humtaki, na kanuni inaruhusu? Lowesha mikono, toa ndoana, mrudishe. Ukimuua, nenda naye. Majimbo kadhaa, Alaska ikiwemo, yanahesabu kumpoteza samaki anayelika kwa makusudi kuwa kosa lenyewe.

10. Na karpi, samaki mgeni kutoka Ulaya na Asia? Si wanasema ni adui?

Katika sehemu nyingi ni adui kweli. Hifadhi ya Malheur huko Oregon ilitengwa mwaka 1908 kwa ajili ya ndege wa majini. Karpi walipoingia, walichimbua tope wakitafuta chakula, maji yakawa kahawia, mwanga ukashindwa kufika chini, majani yakafa, na bata waliokuwa wakila majani hayo wakapungua. Tangu miaka ya 1950 hifadhi imejaribu hata kuwatia karpi sumu, nao wamerudi kila mara.

Kwa hiyo kuondoa karpi kunaweza kuwa msaada. Kumuacha anuke ukingoni si msaada, kwa sababu zilezile za swali la 2. Mle: ana mifupa midogo mingi, lakini ukimchanja mbavuni kwa mikato ya karibukaribu na kumkaanga kwa mafuta mengi, mifupa inakatika. Au mfukie bustanini. Kuhusu kumrudisha hai, majimbo yanatofautiana. Soma ya kwako kabla hujarusha ndoana.

11. Nimevua snakehead, yule mwenye kichwa cha nyoka. Ninamfanyaje?

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa sana samaki mgeni anaweza kufanya nini. Sangara alipoingizwa Nyanza katika miaka ya 1950 na baada ya hapo, aina nyingi sana za furu zilitoweka.

Snakehead wa Asia wamejaa hifadhi ya Blackwater, Maryland. Huvuta hewa, hivyo mwili ukiwa na unyevu anaweza kukaa hai nje ya maji kwa saa kadhaa. Ndiyo maana kumtia kwenye deli na kuondoka hakutoshi. Sheria inakataza kumsafirisha akiwa hai, na Maryland inawaomba wavuvi wamuue wanapomvua. Mkate kichwa au mtoe matumbo, hakikisha amekufa, mabaki uyatie kwenye mfuko uondoke nayo. Nyama yake ni nyeupe na tamu; jimbo lilimpa jina jipya, Chesapeake Channa, ili watu wamle zaidi.

12. Samaki mdogo kuliko kipimo amefia mkononi. Niende naye asiharibike?

Inauma, lakini kwa kawaida hapana. Chini ya kipimo ni chini ya kipimo, hai au mfu, naye hurudishwa majini papo hapo. Askari hawezi kujua yupi alikufa kwa bahati mbaya na yupi alisaidiwa kufa. Hii ndiyo hali moja ambayo kumwacha samaki mfu majini si kutupa taka. Ukiona wanameza ndoana mpaka ndani, badili: tumia ndoana ya duara au ponda kijino chake, ile ncha ndogo inayozuia ndoana isichomoke.

## Mshipi, chubwi na chambo

13. Mshipi uliokatika ni kipande tu. Una shida gani?

Mshipi wa nailoni hauozi katika maisha yako wala ya wajukuu wako. Ndege huufuma kwenye kiota, kifaranga hufungwa mguu, hawezi kuruka. Kwenye magati mengi utaona bomba jeupe la plastiki lenye mdomo uliopinda: ni la mishipi ya nailoni iendayo kuyeyushwa upya. Usitie humo ndoana, chambo wala mshipi wa kusokotwa. Kama hakuna bomba, ukate vipande vifupi kisha utie kwenye taka za nyumbani. Nami huokota na wa wengine. Mfukoni haujazi nafasi.

14. Chubwi (vizito vya mshipi) za madini ya risasi zinaruhusiwa?

Inategemea. Ndege aitwaye loon humeza vijiwe vya kusagia chakula tumboni, na chubwi ndogo hufanana na kijiwe. Chubwi moja inatosha kumuua. New Hampshire, Maine na Vermont zina marufuku za chubwi ndogo za risasi, na baadhi ya hifadhi zina zake. Nunua za chuma au bati, umalize hofu. Na samaki aliyemeza chubwi, itafute ndani ya matumbo kabla hujayatupa.

15. Chambo kilichobaki nikimwage?

Usimwage. Dagaa hai wa chambo hawaingii maji ambayo hawakutoka. Minyoo pia: misitu ya kaskazini, kule barafu ya zamani ilikofuta kila kitu, haikuwa na minyoo ya ardhini, na ile inayomwagwa na wavuvi hula majani yaliyooza ambayo mimea michanga huyategemea. Chambo kwenye taka, maji ya ndoo kwenye nchi kavu mbali na ziwa.

## Hali zisizo za kawaida

16. Ndege amenasa kwenye ndoana yangu. Nikate mshipi aende?

Usikate. Akiruka na mshipi, atanasa mtini afe njaa. Mvute taratibu, mwenzako amfunike kichwa kwa taulo, mshike mdomo bila kumziba pumzi. Kata kijino cha ndoana, uirudishe ilikoingia, kisha ondoa mshipi wote. Kama ameimeza, mpigie simu ofisi ya hifadhi.

17. Hakuna pipa hata moja. Wamesahau?

Hawakusahau. Hifadhi nyingi hazina mapipa kwa makusudi, kwani pipa lenye samaki huita dubu na rakuni. Ulichokuja nacho na ulichovua vinaondoka na gari lako. Pipa lililopo likiwa limejaa, usiweke mfuko kando yake.

18. Wakati wa baridi, nikivua kwenye ziwa lililoganda na kumwacha samaki juu ya barafu, si tai atamla?

Tai anaweza kumla, na ndoana iliyobaki ndani yake pia. Asipoliwa, barafu itayeyuka naye atazama na kuozea majini. Juu ya barafu kanuni ni ileile: zoa samaki, damu iliyoganda, chambo na mbao za kibanda cha kuvulia.

19. Nimekuta samaki wengi wamekufa, si wa mvuvi yeyote. Nifanyeje?

Usiwaguse, usimruhusu mbwa awaguse, na usiokote hata mmoja wa kula. Piga picha, andika mahali, saa, na kama ni aina moja au mchanganyiko, wakubwa au wadogo, na kama kuna ndege waliokufa pia. Piga simu ofisi ya hifadhi siku hiyohiyo. Namba iko kwenye bango la mlangoni. Baada ya siku mbili mizoga huwa imeoza kiasi kwamba maabara haiwezi tena kusema kilichowaua.